Muwa Ulionimenyea kwa Kisu

Winnipeg, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Dada Taaka akusomee barua hii pole pole, asiruke hata neno. Nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha na kuituma kwenye simu yake, kwa sababu juzi tulipoongea ulisema, "Wewe nasoma meno ya Wazungu, hapa mtoto nakwisha," ukakata simu. Sikukasirika. Ila kwenye barua huwezi kunikatiza.

Hapo Bulumbi mmeamkaje? Mgongo umepoa? Bado unavusha beseni la ndizi mpakani kila siku ya soko? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Asubuhi niko chuoni, jioni nasafisha ofisi za watu. Nikichoka nakumbuka ulivyokuwa ukitupanga mstari nyuma ya jiko, kila mmoja na kijiti chake alichokitafuna ncha hadi kikawa mswaki, nawe unapita kukagua vinywa kama afisa wa forodha. "Fungua! Huyu naficha mhogo wa jana!" Nacheka peke yangu, kisha machozi yananilenga. Nawakumbuka sana, Mama.

Sasa mkaguzi ni mimi. Hapa, kabla hujaruhusiwa kumgusa mgonjwa, mnajifunza vinywani mwenu wenyewe. Unahesabu meno moja moja, unapima kwa chuma chembamba chenye alama uone ufizi umeachia jino kiasi gani, unaandika kila panapotoka damu. (Na wewe uliniambia umeacha kupiga mswaki kwa sababu ufizi unatoka damu. Usiache! Piga taratibu, kila siku. Uchafu ulioganda pale ndio unaoutoa damu.)

Mwezi uliopita mwanafunzi mwenzangu Liza, Mfilipino, alihesabu meno yangu. Akarudia kuhesabu. "Chonge zako mbili za chini ziko wapi?" Mwalimu akaja, akatazama eksirei. Hata ndani ya taya hazimo.

"Ziling'olewa?" akauliza.

"Nilizaliwa bila hizo," nikasema.

Nilidanganya, Mama. Shangazi alishaniambia zamani kwamba nilitolewa meno ya plastiki, hayo mnayosema yanaharisha watoto, nikiwa mchanga. Nilikuwa nakusitiri.

Njiani kurudi chumbani ndipo nikakumbuka miwa. Ukitoka mpakani ulikuwa unaleta muwa mrefu, unauvunja kwa goti, Taaka na kaka Ouma wanamenya kwa meno, maganda yanaruka. Wangu ulikuwa unaumenya kwa kisu, unanikatia vipande kwenye sahani ya bati. Ouma alikuwa ananuna: "Huyu ni malkia?" Nami nikaringa miaka yote, nikijua mimi ndiye kipenzi chako. Kumbe chonge ndizo za kung'ang'ania ganda la muwa, na mimi sikuwa nazo. Nawe ulijua.

Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa umemzika kaka yetu Sanya kwa kuhara, na kila mtu alikuambia ni meno ya plastiki, umechelewa kumtoa. Nilipokuja mimi, nikaanza kuhara, hukutaka kuchelewa tena. Ningekuwa wewe, nami ningekimbia vivyo hivyo.

Lakini sasa Wandera wa Taaka anaharisha, mmeona uvimbe mweupe kwenye ufizi wake, na Jumamosi mnataka kumpeleka Mwello kwa yule mama anayechokoa ufizi wa watoto kwa spoki ya baiskeli. Nakupigia magoti, Mama, msiende. Ule uvimbe ni jino la maziwa linalojiandaa kutoka, na chini yake limelala jino la ukubwani. Hakuna plastiki pale. Mtoto wa miezi sita ameanza uji, anatia kila kitu mdomoni. Kuhara kwake kunatoka tumboni. Kinachoua ni kukaukiwa maji, na spoki inamwongezea jeraha na uchafu juu yake. Taaka aendelee kumnyonyesha, na mkimaliza kusoma barua hii Ouma awapakie kwenye boda yake hadi kituo cha afya. Wampe zinki na zile pakiti za chumvi na sukari za kukoroga kwenye maji safi. Macho yake yakiingia ndani, au akilegea, au akikataa ziwa, hata usiku msingoje.

Jana nilirudi kwa mwalimu nikamweleza ukweli. Akaniuliza kwa nini nilificha. Nikamwambia, "Mama yangu alikuwa amezika mtoto, na sikutaka umhukumu." Akafuta alichoandika kwenye karatasi yangu, akaandika upya.

Nisalimie shangazi, mwimbishaji wa kwaya, na umwambie sauti yake naisikia hadi huku. Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli. Spoki zake zibaki kwenye magurudumu. Ouma asinune, nitamletea jaketi la boda. Taaka, dada yangu, najua unaogopa. Shika mkono wa Mama mwende.

Nikimaliza masomo nitakuja, nishuke Busia, ninunue miwa miwili palepale mpakani. Wangu utanimenyea kwa kisu kama zamani, nami nitaringa. Wa Wandera usiuguse. Nataka nikae kando yako nimwone akiumenya mwenyewe.

Mimi kipenzi chako,
Nabwire