Mwalimu Nkatha, Chumba cha Nesi Kiko Wazi

Mwalimu Nkatha,

Wakubwa walidhani tukikuzika kule kwenu Meru tumekizika na kile chumba. Nakuandikia kukwambia walikosea.

Wiki mbili baada ya mazishi, mwalimu mkuu aliyechukua nafasi yako alifika shuleni hapa Bulla Pesa na kufuli. Alifunga chumba cha mwisho, kile ulichokipigania mpaka nesi wa zahanati akawa anakuja kila Jumanne kupima watoto, na akina mama wakapata mahali pa kusemea shida za nyumbani. Akasema kitakuwa stoo ya vitabu. Nilimuuliza kwa heshima, ulivyonizoesha. Akanijibu, "Madam Habiba, kazi yako ni kufundisha hesabu. Hapa si hospitali."

Nilitoka nikilia kwa hasira. Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza, uliponikuta nimemsimamisha Akiru kwenye kona kwa sababu haitiki nikimwita. Hukunigombeza mbele ya darasa. Ulimwinamia yule msichana, ukamgeuza kichwa polepole, ukanionyesha usaha uliokauka sikioni. "Huyu hana kiburi, hasikii," uliniambia. "Mtoto mtazame mzima, Habiba." Aibu ile sijaisahau. Nesi alimtibu miezi kadhaa, na Akiru akaanza kujibu kabla sijamaliza swali.

Basi, sikunyamaza. Nilipita ploti kwa ploti nikiwaita wazazi kwenye kikao, na siku yenyewe walijaa mpaka nje. Afisa wa elimu alikuja kumtetea mwalimu mkuu. Akatueleza kwamba tangu ugatuzi uje, nesi ni wa kaunti na shule ni ya serikali kuu, kwa hivyo mambo hayo hayachanganywi.

Hapo akasimama baba yake Akiru. Unamkumbuka, yule mfugaji wa Leparua aliyemwacha binti kwa shangazi yake hapa mjini ili asome, asiyefungua mdomo kwenye mikutano. Akasema, "Mimi nauliza tu. Sikio ya mtoto wangu ni ya kaunti, na kichwa ni ya Nairobi? Nimkate wapi?"

Watu walicheka. Afisa akaanza kukusanya karatasi zake.

Akina mama wakatoka, wakaenda kukaa mbele ya ule mlango. Mama Abdi, yule anayeuza maziwa, alivua viatu akanyoosha miguu kama yuko kwake. Hawakumtukana mtu. Walikaa siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Jumanne nesi alipofika na mkoba wake, alipimia watoto pale pale kwenye veranda, mwalimu mkuu akitazama dirishani. Saa nne akatoka mwenyewe na ufunguo, akafungua kufuli. Sisi hatukumshukuru.

Lakini mimi wakubwa hawakunisamehe. Barua ya uhamisho imekuja: niende Kulamawe, mbali huko nyikani. Sitakuficha, Mwalimu, niliogopa. Siku mbili sikugusa mizigo. Ningekuwa nawe ningekuja ofisini kwako nikae tu, usiniambie kitu... Siku ya tatu nilinawa uso nikaanza kufunga mizigo. Wanadhani wamenitupa. Kwani Kulamawe hakuna watoto? Hawana macho, hawana masikio, hawaji darasani na njaa? Nimeshauliza jina la nesi wa huko. Chumba cha hapa nimewaachia Mama Abdi na wenzake, na sioni wa kuwatoa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mimi Mwislamu nakuombea kwa maneno yangu. Najua wewe Mkristo ungeyapokea. Nakuahidi, kabla muhula haujaisha Kulamawe watakuwa na chumba chao. Na wakinihamisha tena kwa sababu hiyo, nitafungua cha tatu huko watakakonipeleka. Acha wanihamishe mpaka wachoke wao.

Habiba wako