Sipho Amepata Kazi ya Mpakani, Baba

Malvern, Johannesburg, 2017

Baba,

Sipho amepata kazi mpya. Ni wakili wa serikali sasa, kule Musina, mpakani na Zimbabwe, atawatetea mahakamani wasio na uwezo wa kuweka wakili. Ameipata kwa sababu mimi nilimsifu. Nimetaka ulisikie jambo hili kwangu, si kwa Mama anapozungumza na picha yako.

Tangu ututoke, ofisi yako ya uwakili ya Jules Street naiendesha mimi. Sipho, wakili kijana uliyemlea pale, alibaki kumalizia kesi zako, kisha akaomba kazi hiyo na kunitaja mimi niulizwe habari zake. Hakuniambia kwanza. Alikuwa na hakika nami.

Ulijua nilivyokuwa nikimwonea wivu? Binti yako ni mimi, na sheria nimeisoma kama yeye. Lakini mkitoka mahakamani ulitembea naye mbele, mimi nyuma na mafaili. Hata Kiswahili, ulichorudi nacho kutoka uhamishoni Morogoro pamoja na Mama, ukamfundisha. Kilikuwa cha nyumbani kwetu, Baba. Mkawa mnacheka nacho chumba cha pili, mimi nachapa barua za Kiingereza.

Afisa wa kule Musina alipiga simu kuniuliza habari za Sipho. Aliuliza ya kawaida, nikajibu kwa mkato. Kisha akasema huko mpakani wanakamatwa Wakongo na Watanzania wengi.

"Wewe ungemkabidhi Sipho kesi ya ndugu yako?"

Kusitasita kidogo tu kungetosha kumwangusha. Nikamkumbuka Mama Furaha, yule fundi cherehani kutoka Bukavu, alipokamatwa kwa sababu ya karatasi zake za ukaazi. Wewe ulikuwa umelazwa, mimi sikutaka kubanduka kitandani kwako. Sipho ndiye aliyekwenda kituoni kila siku, akimtuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, mpaka akatoka naye.

"Ningemkabidhi hata ya mama yangu," nikasema.

Eish, Baba. Sijui kama nilitenda haki au nilitaka tu aende mbali.

Jumapili alikuja kutuaga. Mama akampikia pilau, akamwita mwanangu, akamfungia na ya njiani. Sipho akanishukuru. Nikamwambia si kitu, nikaenda jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nilidhani akiondoka utakuwa wangu peke yangu. Lakini ofisi imekuwa kimya. Hakuna anayekukumbuka kama mimi, ila yeye, na yeye hayupo. Sina hata wa kukugombania naye.

Lala salama, Baba yangu. Ofisi sitaifunga, nakuahidi. Kibao cha mlangoni kitabaki na jina lako, na langu nitaliandika chini yake. Ulitaka na la Sipho liwepo. Nakumbuka ulivyosema.

Hilo nisamehe. Bado siwezi.

Binti yako,
Neema