Mtaro wa Maji Kwenye Makaburi Yetu

Kasulo, Ngara
6 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na huko Biharamulo kwa Kaka Marcel wanakupikia ndizi, au ni ugali tu kila siku? Naandika kwa kuwa simu huisikii, tunabaki kupigiana kelele. Barua nimempa kondakta wa basi.

Sisi tupo. Mume wangu Erasmus anakusalimia. Tecla wetu ametimiza miaka mitatu, anaongea mpaka nyumba inachoka.

Baba, mradi wa maji umefika kitongojini. Mafundi wamepigilia vigingi kutoka chemchemi ya juu hadi shuleni. Mstari unakata shamba lako la migomba, hatua nane kutoka kaburi la Babu. Wanataka saini yako kabla Novemba haijaisha. Karatasi iko humu.

Mto tunaochota unaujua. Siku hizi vyoo vya gulio vimejaa, mvua ikinyesha vinashukia huko huko. Tecla ameharisha mara mbili tangu Pasaka. Naomba usaini.

Mwanao,
Jovitha

Biharamulo
2 Septemba 2023

Mwanangu Jovitha,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Ndizi nakula Jumapili, mke wa kaka yako anazichemsha kama vile zimemkosea.

Karatasi nimeiona. Sisaini. Baba yangu nilimzika kwa mikono yangu kwenye shamba lake ili apumzike, si ili vijana waje kumpigia sururu masikioni. Na bomba likipasuka? Kaburi liwe tope? Waambie wazungukie kwa jirani, kwani shamba ni langu tu?

Huo mto ndio uliokulea. Mlikunywa wote watano, mkakua. Chemsha maji, acha uvivu.

Nisalimie Tecla.

Baba yako

Kasulo
29 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini dawa za presha humezi kwa kurukaruka. Hapa mvua zimeanza.

Neno uvivu limenikera, ila nimelimeza. Nachemsha, Baba. Kuni nazifuata mwendo wa saa nzima, na tumbo hili lina mtoto mwingine. Lakini Tecla anacheza kwa watu. Akishikwa na kiu anakunywa kikombe cha kwanza anachokiona. Nimfunge kamba?

Kwa jirani ni mwamba mtupu, mafundi wamejaribu.

Na hatukuwa watano. Tulikuwa saba. Suzan, na yule mdogo ambaye hata jina hakupata, wamelala hapo hapo pembeni ya Babu. Mama alikuwa anasema ni tumbo tu. Tumbo la nini, Baba? Ni mto huu huu.

Nakuheshimu, lakini safari hii umekosea. Naituma tena karatasi.

Mwanao,
Jovitha

Biharamulo
21 Januari 2024

Mwanangu,

Hujambo? Erasmus hajambo? Karibu miezi mitatu umenyamaza. Nikimuuliza Marcel anaangalia pembeni, anasema mko salama. Najua umenikasirikia, na una haki.

Habari ya Suzan ilinikaa kifuani. Nilikuwa nimejizoesha kuhesabu watano.

Nimesaini. Novemba imepita, najua. Mpelekee mwenyekiti wa kitongoji, mwombe kwa niaba yangu. Ila nina sharti moja: wasimsogelee Babu. Ziwe hatua nane zile zile, wasipunguze hata moja.

Mpe Tecla embe moja kubwa, useme limetoka kwangu.

Baba yako

Kasulo
18 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Kaa kwanza, na Marcel awe karibu nawe.

Tecla alifariki tarehe tisa Desemba. Aliharisha siku mbili. Zahanati hawakuwa na dripu. Tukiwa njiani kwenda hospitali akaacha kunishika shingo. Marcel alikataza usiambiwe, kwa ajili ya presha yako. Mimi nimechoka kukuficha.

Tulimzika shambani kwako, maana sisi ni wapangaji, hatuna ardhi. Bomba ulikuwa umelikataa, hivyo vigingi hakuna aliyeviangalia. Kaburi likaangukia kwenye mstari wenyewe.

Mafundi walikuwa bado Kasulo, karatasi yako wakaipokea. Jana walikuja kuchimba. Mkubwa wao alipoliona kaburi jipya akavua kofia.

"Mama, hapa kwenye mstari hatuwezi kupita. Tusogee kwenye kaburi la mzee, au tubanane huku upande wa mtoto?"

Nilikuwa na barua yako mfukoni.

Nikamwambia wabanane kwa mtoto.

Walichimba mpaka jua likazama. Nilisimama kati ya sururu na Tecla. Udongo ulipomwangukia niliuondoa kwa mkono. Erasmus aliomba twende nyumbani, nikakataa. Hakuna aliyempigia kelele Babu.

Sikuandikii ili nikuadhibu. Usiache kumeza dawa. Wanasema maji yatafunguliwa mwezi wa nne, na mimi natarajia kujifungua wa tano. Njoo, Baba, uyaonje wewe kwanza. Mimi sijui kama yatapita kooni.

Mwanao,
Mama Tecla