Paa la Babu Tluway Limefyekwa

Kijiji cha Endahamu,
Karibu na Maretadu, Mbulu.
Jumapili, 26 Januari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Wolfgang,

Shikamoo yako nimeshaipokea, maana najua ukifungua bahasha hii utaisema kabla hujaketi. Marahaba. Hamjambo huko Mtwara? Mguu wa Evaline unaendeleaje tangu aanguke na pikipiki? Watoto wamefungua shule salama? Joto la huko halijawamaliza?

Sisi huku juu hatujambo. Shemeji yako Maximilian kikohozi kimemwachia, anashinda shambani. Mahindi yamefika kiunoni, maharage yanatoa maua. Mashine yangu ya kusaga inafanya kazi siku sita, ya saba tunapumzika wote wawili, mimi na mashine.

Mama ni mzima. Anakula, anatembea na fimbo yake, anasikia kile anachotaka kusikia. Habari zake nyingine zinakuja, usiharakishe.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Nimekupigia mara mbili mwezi huu. Kila nilipokaribia jambo lenyewe niliishia kukuuliza bei ya korosho. Sasa Patriki, mtoto wa shangazi, anapeleka vitunguu saumu huko kusini na lori, nimeona heri nimpe karatasi akukabidhi mkononi.

Wolfgang, nimeshtuka. Nina miaka hamsini na nne. Nimezika baba, nimezika mtoto wangu, nimeibiwa mota ya mashine nikaanza tena na jiwe la kusagia. Kushtuka kwa namna hii sikuwahi.

Nianzie mwanzo. Mwezi wa kumi na moja tuliitwa kwenye mkutano wa kijiji, tukaambiwa halmashauri ina mipango miwili. Wa kwanza ni kuhifadhi nyumba za wazee wetu, zile zilizochimbwa ndani ya kilima, ziwekwe vibao ili watoto wa shule na wageni waje kuziona. Wa pili ni majengo yaliyotelekezwa: mwenye jengo alitengeneze, la sivyo kijiji kilichukue. Mimi nilipiga makofi kwa mipango yote miwili. Lile ghala la pale sokoni ukuta umeanguka miaka tisa sasa, limegeuka choo cha walevi. Na nyumba za kale zimebaki tatu tu katika kijiji chetu, na iliyo nzima kuliko zote ni ya Babu Tluway. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa furaha.

Unakumbuka kwamba tangu mama apasuliwe jicho anaishi kwangu. Lakini ile nyumba sikuiacha. Kila Jumamosi napanda na kuni, nafungua, nawasha moto katikati, moshi unakausha boriti na kufukuza wadudu. Nafagia, nafunga, nashuka. Boriti zote kumi na nane zilikuwa ngumu kama chuma. Nilikuwa nazigonga kwa kisu moja moja.

Basi wiki ya kwanza ya Januari wakaja kukagua. Hermani wetu, mtoto wa baba mdogo, ndiye mtendaji wa kijiji siku hizi, alikuwa amemleta afisa utamaduni, kijana mpole wa pwani, viatu vyeupe. Mimi nilikuwa Haydom kutafuta mkanda wa mashine. Hakuna aliyeniambia.

Kurudi Jumanne, naona kutoka barabarani kitu chekundu ubavuni mwa kilima, kama ng'ombe aliyechunwa. Nikasema, nani kalima pale? Nikapanda. Wolfgang, lilikuwa ni paa letu. Walikuwa wamelifyeka. Si kufyeka tu, wameng'oa nyasi na mizizi yake kwa majembe, udongo umefuatana na nyasi, fito zinaonekana, meno nje. Nyasi zenyewe wamezirundika mlangoni kama takataka. Na mbele yake kibao kipya cha bluu: NYUMBA YA ASILI, MIAKA 200.

Miaka mia mbili! Babu alijenga ile nyumba mwaka aliobatizwa, na ubatizo wake ulikuwa 1941. Hata hesabu ya kutoa imewashinda.

Nilishuka mbio mpaka ofisi ya kijiji, kanga imenidondoka njiani sikuiokota. Nikamkuta Hermani na yule afisa wanakunywa chai.

“Dada Resti, karibu chai,” Hermani akasema.

“Nani kafyeka nyumba ya babu?”

“Tumeisafisha. Ilikuwa imeota majani juu, dada. Kwenye ukaguzi ingesomeka imetelekezwa. Na nyumba iliyotelekezwa haiwezi kupata kibao cha hifadhi.”

Nikamgeukia yule kijana. Sikumgombeza, ni mtoto wa watu, kwao paa lenye majani ni paa lililokufa. Akaniambia kwa adabu, “Shikamoo mama. Unajua, wageni wakija hawaioni nyumba. Wanaona kilima tu.”

“Marahaba, mwanangu. Hata wezi wa ng'ombe walikuwa wanaona kilima tu. Ndiyo maana sisi tupo.”

Aliweka kikombe chini. Nikamweleza kwamba zile nyasi ndizo paa. Mizizi ndiyo inayoshika udongo, udongo ndio unaozuia maji. Watoto wa nyumba ile tulichapwa tukipanda juu na jembe hata la kuchezea. Yule kijana uso ulimshuka, akatoa daftari lake akaanza kuandika, nikaona angalau huyu anajifunza. Lakini Hermani! Sawa, Hermani amezaliwa chini ya bati. Nikamwambia, “Wewe hukujua, basi ungeuliza mwenye kujua.”

Akasema, “Niliuliza. Nimeuliza mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba yupi?”

“Wolfgang.”

Nikamwambia unasema uongo, mbele ya mgeni, tena unamsingizia mtu aliye mbali. Hapo akatoa simu akanisikilizisha ujumbe wako wa sauti. Nilikusikia mdogo wangu. Na mtoto alikuwa analia nyuma yako. Ulisema, “Hermani, ondoeni hayo majani yote, hata mimi nilipokuja msibani yalinitia aibu, mtu anaweza kudhani ukoo wetu umekwisha. Fyekeni, ikiwezekana wekeni hata bati.”

Niliketi kwenye benchi ya wenye kesi. Hermani alinimiminia chai sikuinywa. Haikupita wiki, ujumbe huo kijiji kizima kilikuwa kimeusikia kwenye simu yake, mama naye.

Yule kijana wa pwani hakujua. Hermani hakujua. Wewe umezaliwa mle ndani, upande wa kulia, karibu na ndama, nilikuwa nje na taa nasubiri kuambiwa ni mvulana au msichana. Juu ya kichwa chako kulikuwa na nyasi hizohizo mpaka ulipokwenda sekondari. Aibu ya nini? Huko kwenye umeme wenu mmefundishwa kwamba nyumba isiyong'aa ni nyumba ya masikini? Nimekuwa nikijiuliza maswali haya nikiwa nasaga, mpaka siku moja nimemsagia mteja mtama badala ya mahindi.

Ngoja, sijamaliza. Alhamisi ile ile mvua ikanyesha mchana, ya mawe. Sehemu ya mbele ya paa ikaingia ndani, boriti saba zimevunjika. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Jumatatu Hermani akaja kwangu, safari hii amesimama nje ya uzio, hataki kuingia. Eti nyumba sasa imeorodheshwa kuwa jengo hatarishi lisilo na mwangalizi. Siku thelathini litengenezwe na mwenyewe ajulikane, ama libomolewe kabla halijamwangukia mtoto wa mtu. Jumanne imewekewa kibao cha kuhifadhiwa, Jumatatu imeandikiwa kubomolewa! Hata hivyo siwezi kuilaumu sheria. Ukiitazama nyumba ilivyokuwa siku hiyo, ungeiandikia hivyohivyo.

Mama alikuwa anasikiliza yote. Aliomba shuka lake na kigoda, akaanza kupanda kilima. Maximilian akamfuata akidhani anakwenda kuangalia tu. Akaingia upande wa ng'ombe, ambao haujaanguka, akaketi, akasema nyumba yenye mtu haijatelekezwa. Tumembembeleza, tumemtisha na baridi, tumemwita katekista. Mpaka leo analala huko. Nimempelekea godoro na Maximilian amefunga turubai.

Sasa ikabaki kuezeka. Boriti nilikata kwenye miti yangu mwenyewe. Lakini paa la udongo haliezekwi na vibarua, unajua. Kumlipa mtu akuezekee ni kama kumlipa mtu akulilie msiba. Mwenye mlango, yaani aliyerithi nyumba, anapika pombe, anasimama mlangoni anawaita majirani, na kila jirani anakuja na bonge la udongo lenye nyasi kutoka shamba lake, ili paa liwe la wote. Na mwenye mlango, tangu enzi hizo, ni kitinda mimba wa kiume. Ni wewe. Ulikuwa zamu kazini Mtwara, na siku zilikuwa zinakwisha.

Nikasema potelea mbali. Nikanunua asali kwa Gidahosh wa Basotu, yule mfugaji anayekuja mnadani, nikapika pombe mitungi minne. Gidahosh alipojua ni ya kazi gani alicheka mpaka akashika mbavu: “Ninyi watu wa mlimani! Mnalipara paa kwanza, halafu mnalinywea pombe liote tena?”

Jumamosi ya jana nikasimama mlangoni nikaita. Walikuja, Wolfgang. Nilihesabu watu arobaini na mmoja. Lakini hakuna aliyetua bonge lake juu ya paa. Waliyapanga chini, wakaketi juu ya majani. Na pombe hawakuigusa. Mzee Sulle, yule jirani wa chini, ndiye aliyesimama.

“Binti yangu Resti, harufu ya pombe yako ni nzuri, imetutoa kwetu asubuhi. Lakini tunaomba kujua nani ametuita.”

“Mimi nimewaita, mzee.”

“Wewe una mlango wako kwa Maximilian. Siku ukituita huko tutakuja. Hapa ni mlango wa nani?”

Nilitaka kutaja jina lako. Nakuapia nilifungua kinywa nilitaje, niseme nimesimama badala yako, wangekubali. Kabla sijasema mama akatokea na fimbo yake kutoka upande wa ng'ombe, shuka kichwani.

“Mlango ni wa huyu.”

“Mama Resti,” mzee Sulle akasema taratibu, “huyu ameolewa.”

“Ameolewa, hajazikwa! Moto wa humu ndani miaka miwili kauwasha nani, wewe Sulle? Mimi kitinda mimba wangu ninampenda, nilimnyonyesha humu. Lakini ameulizwa juu ya nyumba yake, amejibu. Mmemsikia wote kwenye simu ya Hermani. Mtu akisema fyekeni, amekwisha kutoka.”

Kuliko siku ya paa, kuliko siku ya sauti yako, hapo ndipo niliposhtuka kweli. Nilikuwa nimepika pombe ili nikutunzie nyumba yako, mdogo wangu. Sikupika ili nikunyang'anye. Niliwaambia, nikasema mama, subiri, tumwulize kwanza. Mama akanikata: “Ameshaulizwa.”

Mzee Sulle akainama, akabeba bonge lake, akapanda, akaliweka la kwanza. Baada ya hapo walipanda wote, na kufikia saa tisa paa limefunga. Hermani naye alibeba, tena mabonge mawili, suruali ya ofisi imejaa matope, wanawake wakimtania, “Mtendaji, hayo ni majani, huyaogopi?” Yule afisa wa pwani alileta lake kutoka uwanja wa ofisi. Nyasi za kule ni fupi na mbaya, lakini tumeliweka. Kibao amekitoa mwenyewe kwenda kukiandika upya, na kesho tunakwenda na mama ofisini niandikwe mimi. Nyumba haibomolewi.

Kwa hiyo nakuandikia kukuarifu, si kukuomba ruhusa. Fedha usitume. Maneno ya kujitetea nayo usiyatume kwa Hermani, nitumie mimi, nitayasoma. Nimekasirika, na hasira yenyewe bado mbichi. Lakini jana jioni nilimwuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake, nikitegemea makubwa. Alisema, “Mwambie ale vizuri, Mtwara kuna malaria.”

Maximilian anakusalimu. Mzee Sulle anakusalimu, kasema hivyo mwenyewe. Msalimie sana Evaline, na hao watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Wafundishe nyumba ya babu yao iko upande gani wa dunia. Mungu awalinde katika joto hilo, naye akuguse moyo huko uliko.

Ukipata likizo njoo na familia yako, vitanda vipo, na maziwa yapo. Ila usiingie moja kwa moja kama zamani. Simama nje, piga hodi, nami nitakuja kukufungulia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Restituta