Makoti ya Mwezi wa Kumi

Mama,

Hata huko uliko najua utaanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia, na safari hii huwezi kunikatiza.

Jumamosi nilikwenda kambini Dzaleka kutoa vitu vyako nyumbani. Jua la mwezi wa kumi unalijua. Pale kwenye lami nilipanda kabaza, na mwenye baiskeli akalalamika njia nzima kwamba mimi ni mzito. Nikamwambia zikomo, asante baba, nyonga tu. Mkononi nilikuwa na barafu. Ndiyo, barafu! Miezi minane tangu tukuzike, na bado mikono yangu ilinunua barafu sokoni Chilinde, ikaifunga kwa gazeti, kisha kwa kitenge, kama ilivyozoea. Ikafika maji, kama ilivyozoea. Zamani ungeyamimina kwenye kikombe chako cha bati, unywe umefumba macho, useme, "Lilongwe iko tamu." Halafu, hata sijakaa, "Haya Neema, leta makoti tujaribu."

Makoti! Jamani, Mama.

Ulinunua matatu kwenye mitumba mwaka ule Baba alipotuachia msiba hapo kambini. Majirani walikuwa wameitwa kuhamia nchi ya tatu, ng'ambo kwenye baridi, na wewe ukasema zamu yetu inakuja. Langu la bluu, la mdogo wangu Amani la kijivu, lako la kahawia, zito kama blanketi. Ukayapanga kwenye valisi, lile sanduku la safari. Tangu hapo kila mwaka, kabla mvua haijaleta ukungu, jua likiwaka mpaka kuku wanahema, unayaanika kambani na kutuita. Mimi niko mjini, wateja wamejaa mlangoni wanataka nguo za harusi, simu inalia.

"Njoo Jumamosi."

"Mama, nina kazi."

"Kazi iko kila siku. Kama batatuita kesho, mtavaa nini? Kule iko baridi."

Basi tunasimama uani saa saba mchana, watu wazima na akili zetu, ndani ya sufu. Jasho mpaka kwenye viatu. Amani, aliyebaki nawe kambini na aliyepaswa kunitetea, anainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na majirani wanavunjika mbavu. Wewe hucheki. Unatuzungusha, unavuta vifungo, unaingiza vidole kwapani. "Hii imekubana. Unakula nini huko mujini?" Na mimi niliyekuja kupumzika napewa sindano na kipande cha kitambaa cha kahawia, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri, nikaongeze mbavuni.

Nilikuuliza, "Hiki umekitoa wapi?"

"Shona tu."

Nikadhani ni mabaki ya wamama wa kanisani. Nikashona. Na nikikuuliza lako, mbona hulijaribu, unanijibu, "Mi sikui tena. Langu iko sawa."

Mwaka jana nilichoka. Nilikuambia maneno ambayo hayakuwa ya kumwambia mama, na sitayaficha hapa. Nilisema hawatuiti. Nilisema nyumba hii hukuipiga plasta, mlango umeufunga kwa waya miaka yote, ukinunua hata sufuria unauliza kama itaingia kwenye valisi, yote kwa ajili ya safari isiyokuwepo. Nilisema nitayauza makoti haya. Ulikunja mikono ukanitazama. Kisha ukasema polepole, "Utauza siku mi sipo."

Haya, hupo. Nilikuja kuuza.

Nikaifungua valisi pale kitandani kwako. La bluu lilikuwa juu, la kijivu chini yake. Chini kabisa nikakuta kile kilemba chako cha Jumapili kimefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kola ya kahawia na vifungo vinne. Koti lenyewe halikuwemo. Niliipekua valisi mpaka bitana.

Nikaligeuza la bluu ndani nje. Mbavuni kuna kahawia, kwapani kahawia, mishono ni yangu mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Fundi mzima, Mama! Wateja wangu nawajua kwa kitambaa hata kabla ya sura, na nimelikata koti la mama yangu kwa mkasi wangu bila kulitambua. Nadhani ulianza kulikata mikono.

Mama Zawadi wa jirani alikuwa ameingia kunipa pole. Nikamwonyesha kola. Akashangaa kwamba nashangaa.

"We hukujua? Alisemaka yeye haendi pahali. Baba yenu iko kwenye makaburi hapa, atamuacha na nani? Batoto njo benye kwenda."

Yaani jirani anajua, mimi sijui! Ulishindwa nini kufungua mdomo? Usinijibu, najibu mwenyewe. Ungesema, tungekataa kwenda bila wewe. Ulijua hivyo, ukanyamaza, ukatuacha tukutukane kwa kutamani safari ambayo wewe hukuitamani hata siku moja. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Leo nakugombeza.

Sikuuza. Niliyatundika kambani pale pale, mchana ule ule. Amani alirudi kutoka sokoni, akayaona. Akalivaa lake bila kuitwa, akasimama uani na kuinua mikono juu. Mama Zawadi alikuwa mlangoni kwake. Hakuna aliyecheka. Nilimzungusha mimi, nikavuta vifungo, nikamwambia amekonda.

Tumeacha jina letu kwenye faili la wanaosubiri kuitwa, kama lilivyo. Na mlango wako Amani ameutia bawaba, usinune. Wakituita tutakwenda, kwa sababu wewe umetaka, ingawa kukuacha hapo sijui nitaanzaje.

Tatizo ni koti langu. Limenibana tena, Mama, hapo hapo mbavuni. Nimezunguka soko lote la Chilinde na ile kola mkononi, nikilinganisha kitambaa kwa kitambaa, wenye vibanda wakanichoka. Hakuna kinachofanana nacho.

Pumzika sasa. Msalimie Baba, mwambie hukumwacha.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
yule anayekula sana mjini