Filamu ya kifo cha baba imeishia kwenye ndoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo siwezi kulizungumza na mtu hapa Kuze, maana kila nikifungua mdomo naambiwa ni filamu tu. Ndugu yangu ni mtengenezaji wa filamu, na mwaka huu ametoa moja ya upelelezi, mzee wa mtaa mdogo kama wetu anakutwa amekufa chini ya ngazi, anakuja mpelelezi kutoka Nairobi kumtafuta muuaji, na mzee huyo ni baba yetu, aliyeanguka ngazini akafa kweli, kila mtu amemjua, kofia ni yake, kikohozi ni chake, hata ngazi ni za nyumbani kwetu. Tulikwenda kuitazama ukumbini Tononoka, mimi na mama na mtaa mzima, nikakaa nikingoja, maana kuna ufunguo unaoonyeshwa kila mara na haufungui kitu, na kuna mpangaji wa ghorofani anayeficha uso kisha anapotea kama hakuwahi kuwako, lakini hayo nayasamehe. Nisilosamehe ni neno moja. Jirani anamwambia mpelelezi kwamba alimsikia mzee akisema "ndoo, ndoo" kabla ya kuanguka, basi yule mtu wa bara anazunguka kisiwa chetu kizima akitafuta ndoo ya maji, na mwisho anaipata, na aliyeiacha ngazini kwa makusudi ni mfanyakazi wa nyumbani, mwanamke wa Kikamba, anatiwa pingu, filamu imekwisha.

Mshauri, hapa kwetu nani asiyejua kwamba ndoo ni njoo? Jirani yetu wa kweli, Bi Jannat, alituambia siku ya mazishi, "Nalimsikia kupitia ukutani akisema ndoo, ndoo, nikajua ana mtu wake mle ndani, ndiyo sababu sikwenda." Baba alikuwa akiita. Kasyoka, mfanyakazi wetu wa nyumbani, aliyemwosha na kumlisha tangu alipopooza mkono, siku ile hakuwako, nilimpa ruhusa mimi aende kwao. Aliyebaki na baba ni ndugu yangu, naye alisema alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani.

Nilimkabili akaniambia, "Dada, soko liko bara, na bara ndoo ni ndoo. Hadithi yataka mtu wa kulaumiwa." Mama naye akasema, "Mwanangu, huyo ndiye mwanamume alobaki nyumbani. Wataka watu watuseme?" Na huku Kasyoka, ambaye sasa anakaanga viazi na kuviuza sokoni Mwembe Tayari, wateja wamemkimbia na watoto wanapita wakimwita "Ndoo, ndoo". Nimeyaona kwa macho yangu, nikavuta buibui nikapita. Sijui niseme au ninyamaze, na sijui baba alikuwa akimwita nani. Tafadhali nifichie jina.

Mwenye Uchungu, Kuze

*

Mwenye Uchungu,

Pole kwa kufiwa na baba, Mungu amrehemu. Baada ya hapo sina pole nyingine.

Jina lako umetaka lifichwe. La nduguyo hukuliandika kabisa. La mwanamke yule umeliandika zima, pamoja na mahali anapoweka karai lake, na hilo la Kasyoka unalolisoma hapo juu nimempa mimi, na soko nalo nimelibadilisha. Hata unapolalamika kwamba ameonewa, katika wanaolaumiwa, uliyemwacha wazi ni yeye peke yake.

Unasema hujui baba alimwita nani. Unajua nani alikuwa na zamu. Unajua pia nani, aliyezaliwa Kuze na kuitwa "ndoo" na mama yake tangu hajaanza kutembea, ameligeuza neno hilo kuwa chombo cha maji. Kama kweli alikuwa dukani, au alikuwa chumba cha pili na simu masikioni, mimi sijui. Huenda majuto yanamla, huenda ni mwoga tu. Mwisho wa filamu haukukuridhisha, na wa baba nao huenda ukakaa nao hivyo hivyo maisha yako yote. Wengi tumezika hivyo.

Lakini kuna jambo unalolijua bila mpelelezi. Kasyoka hakuwako. Wewe ndiye shahidi wake, na shahidi huyo amevuta buibui akapita. Usiniletee habari za mama. Mama anamlinda mwanawe, mwache. Wewe unamlinda nani?

Mwambie nduguyo akate kile kipande cha mwisho, au aandike wazi kwamba mfanyakazi wa nyumba ile siku ile hakuwako. Akikataa, filamu ikionyeshwa tena simama ukumbini uyaseme wewe, kwa jina lako, na Bi Jannat umwombe asimame nawe. Mama atanuna. Kununa hakuui mtu.

Ila kabla ya hayo nenda Mwembe Tayari, mchana, watu wakiwapo. Usimchukulie zawadi. Sema mbele yao kwamba ruhusa ulimpa wewe, na kwamba umekaa kimya tangu filamu ilipotoka. Akikuambia uondoke, ondoka, na kesho yake uendelee kuwaambia watu ukweli huo huo, ingawa hajakusamehe.