Fundo la Mama Uzi

Tarehe 4 Machi

Kwako mwanangu wa pekee,

Pokea salamu, ni nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Kifua kimepona? Unakula? Usinijibu "nakula" kama anayejibu polisi, niambie unakula nini. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisema vibaya nikiinuka.

Barua yako nimeisoma. Nikaisoma tena, safari hii na kalamu mkononi, nikipiga mstari kila mahali ulipoandika "Mama Uzi". Mama Uzi kasema, Mama Uzi kanipikia uji, Mama Uzi kanifundisha kuunga uzi uliokatika. Mimi umenitaja kwenye salamu na kwenye kwaheri, kama kifuniko na kitako cha sufuria. Kilichomo ndani chote ni chake.

Umesema ni kiongozi wa laini yenu ya mashine hapo kiwandani. Basi aongoze laini. Kuunga uzi nilikufundisha mimi, ukiwa unakalia ndoo iliyopinduliwa, kwa nyuzi za sweta la marehemu baba yako.

Mwanangu, bibi yako alilimishwa pamba na wakoloni ili apate kodi yao. Mimi serikali yetu ikanipa mashine ya kufumia, ikaniambia kiwanda ni chenu. Wakaja waliokuwa wakiikopesha serikali, wakasema fungueni soko, mitumba ikaingia kama mafuriko, kiwanda kikafungwa. Ndipo wewe ukafuata mashine nchi ya watu. Kwa hiyo mitumba ilinichukulia kazi, na huyu sasa anichukulie mtoto?

Nilimsomea jirani, yule muuza mkaa. Alicheka mpaka akaegemea gunia. "Hongera shoga! Mwanao kapata mama mpya, wewe umepandishwa cheo, sasa ni bibi." Mkaa nimenunua kwingine.

Vaa sweta.

Mama yako wa kukuzaa

*

Tarehe 2 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, na nakula wali na maharage, na jioni chai. Goti likandwe kwa maji ya moto, usilionee haya.

Mama, usikasirike. Mama Uzi ni mtu mzima kama wewe, hana mtoto, ndiyo maana sisi sote humu tunamwita mama. Fundo lako sijalisahau, ila kwa mashine za hapa linakwama na uzi unakatika tena. La kwake nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu na mkia unamezwa ndani. Ukipitisha ukucha mgongoni mwa kitambaa husikii kitu.

Tunafuma shuka za hospitali, za milia ya bluu. Wametuongezea mashine kila mtu, mshahara uleule. Mama Uzi ndiye anayetusemea kwa wenye kiwanda. Juzi wakamwambia kuna nchi ambako watu wanaifanya kazi hii kwa bei ya chini. Akawajibu, "Huko nako watu wana matumbo." Tulicheka, lakini tunaogopa.

Mwanao

*

Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Kaa kitako kwanza. Umekaa? Kiwanda kimefunguliwa!

Amekuja mwekezaji, serikali imemsamehe kodi, na waziri mwenyewe alikuja kukata utepe kwa mkasi butu, akautafuna ule utepe kama mbuzi. Wafumaji wa zamani tumeitwa. Niliishika mashine yangu nikailazia shavu, wasichana wakanicheka. Goti? Goti gani!

Mshahara ni mdogo, sikufichi. Lakini mashine ya pembeni yangu iko wazi, nimeifunika kwa kitambaa changu cha kichwa ili asiikalie mtu. Rudi nyumbani.

Na kuna jingine. Msimamizi katuletea kipande cha nguo tukiige. Milia ya bluu. Nikakigeuza, nikapitisha ukucha, sikusikia kitu. Nikakiinua dirishani penye mwanga, nikaliona fundo: ubavu kwa ubavu, mkia umemezwa. Nililitafutia kasoro zamu nzima. Nikalivuta kwa meno. Halikuachia, na mimi nililia kwa hasira, maana kumbe mwanamke yule anajua.

Halafu nikafurahi. Kazi yenu imeletwa kwangu! Wakifunga huko, utakuja huku. Mwambie Mama Uzi kwamba mashine yangu haikwami.

Mama yako wa kukuzaa

*

Tarehe 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Sijambo, lakini siko kazini. Tumegoma, tunashinda nje ya geti.

Barua yako ilinikuta hapohapo, wenzangu wakasema isome kwa sauti, tuchangamke. Nikasoma. Kwenye utepe wa waziri walicheka sana. Nilipofika kwenye milia ya bluu nikaishusha barua, Mama Uzi akaichukua akamalizia yeye.

Wenye kiwanda walitwambia shuka zitafumwa hata tusiporudi ndani. Hatukujua ni wapi. Sasa tunajua.

Mama Uzi hakukutukana. Alisema tu, "Mama yako naye ana haki ya kula." Heri angetukana.

Usizifume, mama. Ukizifuma nitarudi kama unavyotaka, kwa sababu sitakuwa na pa kufanyia kazi. Lakini sijui nitakaaje pembeni ya mashine yako.

Mwanao

*

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Salamu zangu zimechelewa, zipokee hivyohivyo. Hujaugua kwa kushinda nje? Nilikuwa nikisikia mvua hapa, nawaza huko.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nafuma.

Ndiyo. Barua yako niliikunja nikaendelea. Kila shuka iliporefuka niliona wewe unakaribia. Nilitandika hata kitanda chako, nikanunua mto. Nilisema, yule bibi ana laini nzima ya watoto, mimi nina mmoja, nani mwenye shida?

Sasa, kwenye mashine ya nyuma yangu yuko msichana mwenye mimba, kaja mjini juzijuzi, kila saa uzi unamkatikia. Akaniomba nimwoneshe. Nikamwonesha. Mikono ilikwenda yenyewe, na fundo lililotoka halikuwa langu, lilikuwa la Mama Uzi. Lile nililolivuta kwa meno, vidole vilikuwa vimelikariri. Msichana akalitazama, akasema, "Asante, mama."

Mtoto huyu ana mama yake mahali. Huenda naye kakaa na barua na kalamu, ananipigia mstari.

Basi nikazima mashine. Nikawaeleza wenzangu shuka zile zimetoka wapi na nani yuko nje ya geti. Mmoja aliniuliza, "Sisi tuliposhinda njaa, wao walizima?" Yeye aliendelea kufuma. Wengi walizima.

Msimamizi akaja mbio. "Bibi, umechoka? Wako watu getini wanaisubiri mashine yako."

"Najua," nikamwambia, "na huko ulikoitoa kazi hii wako getini. Utahama na geti lako mpaka wapi, baba?"

Alinitoa siku hiyohiyo. Niko nyumbani, goti limekumbuka kuuma. Msichana mwenye mimba amebaki, nilimkataza kuzima. Muuza mkaa tumepatana, ndiye aliyeniletea habari: mwekezaji kashindwa kumaliza shuka kwa wakati, na ninyi mmeitwa ndani. Kama ni kweli, niandikie mara moja.

Kwa hiyo hurudi. Nilijua hivyo mkono wangu ulipokuwa bado kwenye swichi, na nusura niiwashe tena. Usinishukuru. Usiniambie Mama Uzi amelia, wala kwamba ananisalimu, sitaki salamu zake. Simpendi. Uji wake hauna sukari ya kutosha, nakuhakikishia.

Lakini akikupikia, kunywa. Na umwambie hivi, kwa maneno yangu, usiyalainishe: mtoto nimemwazima, sijampa.

Mama yako